Kupiga Picha za Nyika, Pwani na Safari kwa Maisha Yote

Waheshimiwa wenyeji wetu, waongoza watalii, askari wa hifadhi mliotutengea muda, wazee wetu wa studio za mjini, na ninyi vijana mliokuja na kamera na simu zenu: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Mada tuliyopewa ni upigaji picha za wanyama, mandhari na safari kama kazi ya maisha yote. Hamasa mnayo tayari, kwa hiyo tutaizungumzia kifundi. Wanaoanza ni wengi na wanaofika mbali ni wachache, na kinachowaangusha ni vumbi, joto, faili zilizopotea, na tabia ya kukimbilia kila hifadhi mara moja bila kuijua hata moja.

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuwa Kilimanjaro. Klute alipiga picha za mlima kutoka vituo vilivyopimwa, na kwa picha hizo akachora ramani ya kilele cha Kibo na barafu yake. Leo tunaposema barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kwamba kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya 2, nusu ya kwanza ya sentensi hiyo inategemea kazi ile. Hakuna aliyeweza kujua mwaka 1912 kwamba karne nzima baadaye watu wangeihitaji. Iliwezekana kutumika kwa sababu ilikuwa na tarehe, mahali pa kusimama, na mwelekeo wa kamera. Picha nzuri isiyo na vitu hivyo vitatu inabaki pambo la ukutani, na haki yake kama pambo hatuinyimi. Lakini mtu anayetaka kazi hii imchukue maisha yote ajifunze kupiga picha ambayo mwenzake ataweza kuitumia akiwa hayupo.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza: chagueni mahali pa kurudia. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mikumi ni safari ya siku moja. Wa Nairobi ana hifadhi ndani ya mji wake. Wa Unguja ana Jozani, wenye kima punju ambao hawapatikani porini popote duniani nje ya Zanzibar. Wa Arusha ana Ziwa Momella na Mlima Meru mlangoni. Raia analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na hiyo ni mali ambayo mpigapicha wa Berlin au Tokyo hana. Mtu anayekwenda Mikumi kila mwezi kwa miaka kumi atajua mti gani tai anajenga, bwawa gani hukauka kwanza, na jua la mwezi Juni huangukia upande gani wa kilima. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 kuwapiga picha sokwe, baadaye aliweka kambi Ndutu, upande wa kusini wa Serengeti, akaishi huko miaka mingi. Alichokipata kule hakikuletwa na kamera bora kuliko za wageni waliopita kwa siku tatu. Alikuwepo wanyama walipokuwepo, na alikuwepo pia walipokuwa wameondoka.

Katika eneo lenu wekeni vituo vya kudumu, angalau vitano. Kituo ni mahali ambapo utasimama tena mwakani na kupiga picha ile ile. Chagua jiwe au pembe ya daraja, kitu kisichosogea. Andika namba za GPS, lakini usizitegemee peke yake, kwa kuwa GPS ya simu inaweza kukosea mita tano au zaidi. Andika pia urefu wa kamera kutoka ardhini, milimita za lenzi, saa na mwezi. Unaporudi, beba picha ya zamani iliyochapishwa au iliyo kwenye simu, kisha tafuta vitu viwili ndani yake, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, kwa mfano shina la mbuyu na ncha ya kilima nyuma yake. Ikiwa kwenye picha ya zamani ncha iko kushoto kwa shina na sasa unaiona kulia, umesimama kulia mno. Sogea kushoto hatua kwa hatua mpaka nafasi kati yao ilingane. Wengi hapa hukosea kwa kuzungusha zumu wakidhani watalinganisha picha. Zumu hubadilisha ukubwa wa vitu tu. Uhusiano wa kitu cha karibu na cha mbali hubadilishwa na miguu yako. Linganisha kwanza mahali pa kusimama, zumu iwe ya mwisho.

Sasa mwanga. Maandishi mengi ya upigaji picha yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako jua hupanda kwa mshazari na mwanga laini hudumu saa nyingi. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa moja na nusu kivuli cha mtu ni karibu mara nne ya urefu wake. Saa mbili na nusu kimeshapungua hadi chini ya mara mbili. Baada ya hapo paji la simba linayafunika macho yake kwa kivuli, na mnyama asiye na macho kwenye picha amekufa, hata kama yuko hai mbele yako. Mwanga wa alfajiri kabla ya jua nao ni kama dakika ishirini tu. Anayekunywa chai kambini mpaka saa moja ameshaipoteza sehemu bora ya siku. Dereva aambiwe jana yake jioni, chai ibebwe kwenye chupa, na lango likifunguliwa gari liwe la kwanza au la pili kwenye foleni.

Kuna adui wa pili wa asubuhi ambaye haonekani kwa macho, na tunaomba mtuvumilie tukikaa hapa kidogo kwa sababu huwapotezea watu picha nyingi sana, nao wakiishia kulaumu lenzi. Ni mtetemo wa hewa ya joto. Kwenye nyanda za majani mafupi kama za Ndutu, ardhi hupata joto haraka, na kuanzia saa tatu au saa nne hewa iliyo juu yake huwa na tabaka za joto tofauti zinazopinda mwanga kila moja kivyake. Lenzi ndefu inakuza mnyama, na inakuza mtetemo huo pia. Duma aliye mita mia mbili atatoka kama amepakwa mafuta, hata kwa lenzi ya bei ya gari. Kuijaribu hewa ni rahisi: kuza picha kwenye kioo cha kamera, tazama mstari wa upeo wa macho au ukingo wa kichuguu. Ukiona unacheza kama moto wa jiko, acha kupiga picha za mbali. Fokasi haina kosa, na hakuna programu itakayorudisha manyoya. Kuna njia tatu: mnyama awe karibu, mita 30 au pungufu, wingu lifunike jua na ardhi ipoe, au ubadili kazi, upige picha pana inayoonyesha mnyama mdogo ndani ya nchi kubwa.

Mtetemo huo huo unaweza kuzaliwa ndani ya gari lako. Ukingo wa Ngorongoro uko juu kwa takriban mita 2,300 na alfajiri kuna baridi kali. Abiria wanafunga vioo na kuwasha joto la gari. Ukishusha kioo na kutoa lenzi, hewa moto ya ndani inatoka kwa kasi mbele ya kioo cha lenzi na kukutana na ya baridi, na picha inalainika bila sababu unayoiona. Vaeni makoti, shusheni vioo vyote dakika kumi kabla ya kuanza kazi. Kadhalika boneti la gari lililotoka kutembea: usipige picha juu yake.

Injini izimwe. Hili waongoza watalii mnalijua, lakini abiria wanaona aibu kuomba. Injini ya Land Cruiser ikiunguruma, mwili mzima wa gari hutetemeka, na kwa lenzi ya milimita 400 au 600 mtetemo huo hufika kwenye picha. Tripodi ndani ya gari ni usumbufu. Chombo chetu ni mfuko. Shona mfuko wa turubai wenye zipu, ukubwa wa mto mdogo, usafiri nao mtupu, kisha ujaze kilo mbili au tatu za mchele au maharage kwenye soko la Mto wa Mbu au Karatu. Usiujaze zaidi ya theluthi mbili. Ukikaza sana lenzi inateleza juu yake. Mchele hukaa vizuri zaidi na hautoi sauti. Mkimaliza safari, mpishi wa kambi apewe. Mvua ikiunyeshea, umwage siku hiyo hiyo.

Na uweke mfuko huo kwenye dirisha, chini, kabla ya kufikiria paa. Gari la kufungua juu linakupa raha ya kuona, lakini kamera iliyo juu mita mbili na nusu inamtazama simba utosini na majani yanakuwa ukuta nyuma yake. Kutoka dirishani unakaribia kimo cha macho yake, na mandhari ya nyuma inasogea mbali na kulainika. Paa ni la tembo, twiga, makundi makubwa, na majani marefu baada ya masika. Kutoka nje ya gari ni kosa mahali pasiporuhusiwa, na hakuna picha inayolipia hilo.

Mipangilio tutaisema kwa ufupi. Mnyama aliyetulia, gari limezimwa, lenzi juu ya mfuko: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua mlango wake wa mwanga, ya 1/250 ya sekunde inatosha. Anayetembea, 1/500 hadi 1/800. Duma anayekimbia au ndege anayeruka, 1/2000 au zaidi. Ukitaka kuonyesha mwendo kwa kumfuata mnyama na kamera, shuka hadi 1/30 au 1/60, na ujiandae kufuta nyingi. Wakati wa alfajiri msiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 3200 au 6400. Chembe chembe hupunguzwa na programu. Picha iliyotikisika haina dawa.

Kamera haijui inachokitazama. Kipimo chake cha mwanga kinachukulia kwamba kila kitu ni kijivu cha wastani. Mbele ya nyati au tembo aliyelowa inaona giza, inaongeza mwanga, na mnyama mweusi anatoka kijivu kilichofubaa. Punguza theluthi mbili ya hatua au hatua nzima (hatua moja ni mwanga mara mbili au nusu yake). Mbele ya yangeyange mweupe anayejaza fremu fanya kinyume chake, ongeza. Lakini yangeyange mdogo juu ya maji meusi ni hatari zaidi, kwa kuwa kamera inafuata maji na manyoya yanaungua kuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Hapo punguza, na tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia: mlima wake ukigonga ukuta wa kulia, kuna kitu kimepotea na hakirudi. Pigeni kwa faili ghafi za RAW. Faili za JPEG zinafaa kutuma haraka, lakini miaka ishirini ijayo programu zitakuwa bora kuliko za leo, na zitafaidi tu faili zilizobeba taarifa zote.

Wenye simu tu wasivunjike moyo. Simu haitamfikia chui aliye juu ya mti, hilo ni kweli, na kukuza kwa vidole ni kukata picha tu. Lakini vituo vya kudumu, mandhari, mawingu ya Novemba, masoko, majahazi na nyuso za watu vyote viko ndani ya uwezo wake. Safisha kioo chake kwa kitambaa kila asubuhi. Nusu ya picha za simu zenye ukungu zina mafuta ya kidole.

Kuhusu wanyama, jifunzeni dalili za kabla ya tendo, kwa sababu tendo lenyewe likianza umeshachelewa. Simba hulala hata saa ishirini kwa siku. Anapoanza kupiga miayo mfululizo, akajinyoosha, akamlamba au kumsugua mwenzake kichwa, kundi linakaribia kuinuka. Hapo kamera iwe juu ya mfuko, siyo kwenye begi. Duma huwinda mchana na hupenda kupanda kichuguu kutazama mbali, kwa hiyo ukimwona anatembea kwenye majani mafupi, tafuta kichuguu kilicho mbele yake na ujipange jua likiwa mgongoni mwako. Ndege wakubwa hupaa wakielekea upepo. Jua upepo unatoka wapi na utajua furukombe atakuja upande gani.

Nyumbu wanahitaji maelezo zaidi. Kati ya mwisho wa Januari na Machi huzaa kwenye nyanda za kusini, na takriban asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya majuma mawili au matatu. Wanakwenda kule kwa sababu majivu ya zamani ya volkano yamelisha udongo, na majani yale mafupi yana kalsiamu na fosforasi anayoihitaji mama anayenyonyesha. Ndama husimama ndani ya dakika chache. Lakini katika saa zake za kwanza hufuata kitu chochote kikubwa kinachosogea, na gari ni kitu kikubwa kinachosogea. Gari likipita kati ya mama na ndama, ndama anaweza kulifuata gari. Akipotezana na mama yake, mama mwingine hatamnyonyesha, na fisi wako karibu. Kwa hiyo: mkiona jike amelala na kuinuka mara kwa mara, simameni mbali, zimeni, subirini, na msiondoke mpaka ndama atembee ubavuni mwa mama yake.

Kwenye Mto Mara, kuanzia Julai hadi Oktoba, kosa ni lingine. Nyumbu hujikusanya ukingoni, wanasita, wanarudi, wanajaribu tena, wakati mwingine saa nzima au zaidi. Magari yakikimbilia ukingoni mapema, kundi linageuka na kwenda kuvuka mahali pabaya zaidi, penye ukingo mkali, na wengi huvunjika miguu au kukanyagana. Kaeni nyuma mpaka wa kwanza wawe majini na mstari umeanza kutiririka. Ndipo msogee, taratibu, kwa upande.

Mnaosema gari moja zaidi halidhuru, tazameni hesabu hii. Utafiti wa duma katika Maasai Mara na maeneo jirani uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba katika sehemu zenye watalii wengi, majike walifanikiwa kukuza wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao. Sehemu zenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Watoto wale wanapotea, na kelele na msongamano wa magari vinaweza kumvuruga mama anayewinda au kumlazimisha kuhama na watoto. Sisi wenye kamera ndio tunaokaa muda mrefu kuliko wote kwa mnyama mmoja, na ndio tunaomwambia dereva asogee kidogo tena. Magari matano yakishafika, ondokeni. Dereva anayekataa kuingia kwenye majani amekulindia kazi yako ya miaka ijayo. Mpe bahashishi yake kwa moyo mmoja. Na faru msimweke mtandaoni akiwa na namba za GPS ndani ya faili. Zima kipengele cha mahali kwenye simu kabla ya kuingia, au futa taarifa hizo kabla ya kutuma. Droni ndani ya hifadhi zinahitaji kibali maalumu, na kwa wanyama ni mateso: tembo huisikia na kukimbia na watoto wao.

Vumbi na unyevu ndivyo vinavyoua vyombo vya Afrika Mashariki, kila kimoja upande wake. Bara, vumbi jekundu jembamba la kiangazi huingia kila mahali. Usibadilishe lenzi gari likiwa linatembea. Ikibidi, zima kamera kwanza, maana kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kikiwa na umeme huvuta vumbi zaidi, elekeza mdomo wake chini, na badilisha ndani ya begi. Kanga ya pamba au kikoi ni kifuniko kizuri kuliko plastiki ndani ya gari: inazuia vumbi, haikusanyi joto, inafuliwa jioni. Usifute vumbi kwenye lenzi kwa kitambaa kikavu kabla ya kulipuliza kwa puto la mpira. Chembe zake ni mchanga na huchora kioo.

Pwani, adui ni chumvi na ukungu wa kuvu. Kuvu huota ndani ya lenzi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 60 au 65 kwa muda mrefu, gizani, bila hewa kutembea. Hiyo ndiyo hali ya kabati la nguo la Mombasa au Zanzibar. Hifadhi lenzi kwenye kasha la plastiki lenye mpira mdomoni, pamoja na silika jeli inayobadilika rangi inaposhiba, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikishiba, ikaushe kwenye oveni ya moto mdogo na irudishe. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kamera itatoka jasho ndani na nje. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka, na uiache humo nusu saa ipate joto. Mlimani ni kinyume: karibu na kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, baridi hunyonya betri, kwa hiyo za akiba zikae kifuani ndani ya koti, na ile iliyoonekana kuisha ijaribiwe tena ikishapata joto.

Wanaonunua kamera za mitumba Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, nendeni na tochi. Mulika lenzi kutoka nyuma mkitazama mbele: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui. Kisha weka tundu dogo la lenzi, f/16, piga picha ya ukuta mweupe bila fokasi, ukuze. Madoa meusi ni vumbi la kihisi na linasafishika, mistari ni mikwaruzo na haitoki. Ulizeni shata imeshafunguka mara ngapi.

Safari si wanyama peke yao. Mji Mkongwe, Lamu, Kilwa, Kigoma, masoko na vituo vya basi vina watu, na mtu hapigwi picha kama pundamilia. Salamu kwanza, na salamu yetu ina urefu wake. Ikatwe fupi na utaonekana huna adabu. Shikamoo kwa mkubwa. Piga hodi kabla ya kuingia uani. Omba ruhusa, na mtu akisema hapana, mshukuru. Watoto, mzazi aulizwe. Kwa Wamasai, Wahadzabe na wengine waliozoea kuona picha zao zikiuzwa na wageni, malipo yajadiliwe kabla na mzee wa pale, yasiwe ugomvi baada ya picha. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na sura ya mtu inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa binafsi; kwa picha ya biashara chukua ridhaa kwa maandishi, kwa lugha anayoisoma mhusika. Kambi za jeshi, ikulu na vituo vya polisi viacheni.

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mtu hukaa kivulini na ukuta nyuma yake umepigwa na jua. Kamera itaupima ukuta na kumgeuza mtu kuwa kivuli cheusi kisicho na uso. Pima mwanga wa uso. Ongeza hatua moja, hata mbili, na uache ukuta uungue. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilirekebishwa kwa kutumia kadi zenye picha za wanawake Wazungu, na ngozi zetu zilitoka zimepoteza undani. Leo kamera inaweza, mradi mpigaji aamue kwamba uso ndio wenye haki ya mwanga. Kisha rudisha picha. Ichapishe mjini na mpelekee mhusika ukipita tena. Hapo utaelewa kwa nini kurudi mahali pale pale kunalipa.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wengi mnaipuuza. Mnamo mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe. Ilipiga picha za harusi, za familia, za majengo, za mitaa. Zanzibar ya kabla ya mwaka 1964 tunaiona leo kwa sababu familia ile ilitunza picha zake katika hewa ya chumvi, mabadiliko yote yakipita. Mpigapicha wa habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alifariki kwenye ajali ya ndege Komoro mwaka 1996, na picha zake bado zinafanya kazi kwa sababu zilipangwa. Wapigapicha wangapi wa rika lao mnaowajua walioacha maboksi ya negativu yaliyonuka siki? Ile harufu ni filamu ya asetati inayooza; joto na unyevu huiharakisha, na filamu moja huambukiza jirani zake. Mkiisikia nyumbani kwa mzee, tengeni zile mbovu, na skanini kwanza zilizo hatarini.

Faili za kidijitali hufa haraka zaidi, tena bila harufu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi ya megabaiti 25 hadi 30. Picha elfu moja kwa siku ni gigabaiti 30, safari ya siku kumi ni 300. Wekeni nakala tatu: mbili nyumbani kwenye vyombo viwili tofauti, na ya tatu nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Porini, msifute kadi mpaka nakala mbili ziwepo na mmefungua picha kadhaa katika kila moja kuhakikisha zinasoma. Diski mbili zisikae begi moja. Mwizi akichukua begi huchukua zote. Diski ya kuzunguka ibadilishwe kila baada ya miaka minne au mitano hata kama bado inawaka, na mwaka mara moja fungueni folda za zamani mkazikague.

Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha namba: 20250214_Ndutu_0143. Hivyo kompyuta yoyote, hata ya miaka hamsini ijayo, itazipanga zenyewe. Maelezo yaandikwe ndani ya faili na siku hiyo hiyo, kambini, kabla ya kulala. Andika aina ya mnyama kwa Kiswahili na kwa jina la kisayansi, maana korongo wa mtu mmoja ni heroe wa mwingine. Andika mahali kwa jina linalotumiwa na wenyeji pamoja na la ramani. Andika alichokuwa anafanya, hali ya hewa, jina la mtu na alivyoruhusu litumike. Usiandike tu simba mzuri jioni. Andika: simba jike wawili, Panthera leo, wakila nyumbu, Bwawa la Makao, mvua ilinyesha saa tisa, mmoja ana jeraha bega la kushoto. Sentensi hiyo moja mtafiti anaweza kuifanyia kazi.

Chagueni pia kila mwaka picha hamsini mzichapishe kwenye karatasi nzuri, zikae kwenye boksi lisilo na asidi pamoja na maelezo nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya. Na mwambieni mtu mmoja nyumbani diski ziko wapi, nywila ni ipi, na picha zipi zisiuzwe kamwe, kwa maandishi, kwenye karatasi iliyo pamoja na hati nyingine za familia.

Meza tatu zile kule nyuma zina kompyuta na visoma kadi. Waliokuja na kadi zao wakae ya kwanza, tutaanza na majina ya faili. Wenye negativu za wazee wao wakae ya pili karibu na dirisha, na tafadhali zishikeni pembeni.